Barua kwa mwanangu aliye Cairo: maji yale ni ya nani

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo, Mungu anatulinda. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema ulisimama na mwenzako wa darasani kwenye daraja la Qasr el-Nil, ukamwambia kwamba maji yanayopita chini yenu yametoka kwetu Mwanza, naye akakujibu kuwa Nile ndiyo Misri na Misri ndiyo Nile, mkabishana mpaka giza likaingia. Kisha ukaniuliza: "Mama, umefundisha historia miaka yote hiyo. Kwa nini watu wa kale waliuabudu mto? Si maji tu?"

Nianze na ubishi wenu. Hukukosea, ila ulipitiliza kidogo. Maji ya ziwa letu hutokea Jinja kweli, yakapita Uganda, yakaingia kwenye vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, na humo karibu nusu yake hunyonywa na jua. Yanayobaki hufika Khartoum yakakutana na Nile ya Buluu, itokayo milima ya Ethiopia. Mvua za huko, za Juni hadi Septemba, ndizo zilizokuwa zikiufurisha mto kila mwaka, na ndizo zilizobeba lile tope jeusi. Maji yetu kazi yake ilikuwa kuuweka mto hai miezi ya kiangazi. Mwambie mwenzako hivi: sisi tuliwapa mto usiokauka, Wahabeshi wakawapa shamba.

Na hilo shamba ndilo jibu la swali lako. Nchi yao waliiita Kemet, nchi nyeusi, kwa ajili ya tope hilo. Jangwa wakaliita Deshret, nchi nyekundu. Kati ya hizo mbili hapakuwa na kitu: unatoka kwenye ngano, hatua chache uko mchangani. Mvua huko karibu hakuna. Mto wenyewe waliuita Iteru, yaani mto, basi, kwa kuwa haukuwapo mwingine wa kuutofautisha nao.

Unayakumbuka majaruba ya mpunga ya bibi yako kule Magu? Ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka matuta yale ya udongo, maji yametulia ndani yake kama kioo, na bibi akipita juu ya kingo na jembe begani akitafuta palipovuja. Wamisri walifanya kazi ya namna hiyo, ila kwa ukubwa wa bonde zima. Walijenga kingo za udongo, gharika ikija wakaiacha iingie kwenye mabonde, wakaifungia humo kama siku 40 au zaidi, tope likatua, ardhi ikashiba, kisha wakayafungulia maji yarudi mtoni. Hapo walipanda ngano, shayiri na kitani bila kungoja tone la mvua. Mbolea ililetwa mlangoni na mto.

Mwaka wao waliupanga kwa mto pia. Walikuwa na majira matatu, kila moja miezi minne: Akhet ya gharika, Peret ya kuota mimea, Shemu ya mavuno. Miezi 12 ya siku 30, wakaongeza siku tano mwishoni, zikatimia 365. Na walikuwa na dalili angani. Nyota ile inayong'aa kuliko zote, Sirius, wao waliiita Sopdet, hupotea machoni kama siku 70, kisha huchomoza tena alfajiri kabla ya jua. Ilikuwa ikirudi karibu na wakati mto unapoanza kupanda. Hebu fikiria mkulima aliyeamka usiku, akaiona nyota ile upeoni, akajua maji yako njiani.

Lakini maji kiasi gani? Hapo ndipo palipozaa ibada, kwa maoni yangu. Mto ulikuja kila mwaka, ila kipimo chake hakuna aliyekiamuru. Ukija mdogo, mashamba ya juu hayaloi, na njaa inaingia. Ukija mkubwa mno, kingo zinapasuka na nyumba za matofali ya udongo zinayeyuka. Mtawala mmoja wa kusini, Ankhtifi, miaka kama 2100 kabla ya Kristo, aliandika kaburini mwake kwamba kusini yote ilikuwa ikifa kwa njaa hata watu wakawala watoto wao. Labda alitia chumvi ili aonekane mwokozi, lakini mtu hatii chumvi pasipo na chakula. Nawe kisa cha Yusufu na miaka saba ya njaa unakijua tangu utotoni.

Kwa hiyo gharika yenyewe waliipa jina, Hapi, wakaichora kama mwanamume mwenye tumbo kubwa na matiti yaliyolegea kama ya mama anayenyonyesha. Nilipoiona picha hiyo mara ya kwanza darasani wenzangu walicheka. Mimi niliona mtu aliyeshiba na anayelisha.

Watawala nao walipima. Kisiwani Elephantine, kule Aswan, kuna ngazi zinazoshuka majini, na ukutani mna alama za dhiraa. Kina cha maji kiliwaambia mapema mavuno yatakuwaje na kodi itozwe kiasi gani. Plinius, Mrumi wa karne ya kwanza, ameandika kwamba dhiraa 12 ni njaa, 13 bado njaa, 14 uchangamfu, 15 usalama, 16 furaha. Nchi nzima ilikuwa ikiishi ndani ya dhiraa hizo chache!

Mto ulikuwa pia barabara yao. Maji yanakwenda kaskazini, upepo unavuma kuelekea kusini. Ukitaka kupanda kusini unatweka tanga, ukitaka kushuka kaskazini unalishusha na kuacha mkondo ukuchukue. Katika maandishi yao, alama ya safari ya kusini ni chombo chenye tanga, ya kaskazini ni chombo kisicho na tanga. Zile itale zilizomo ndani ya piramidi la Khufu, jamii moja na majabali yetu ya Bismarck hapa ziwani, ziliteremshwa kwa mashua kutoka Aswan. Mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf yalipatikana maandishi ya mafunjo, karatasi zao za matete, ya mkuu wa kikosi cha mabaharia aitwaye Merer, aliyeandika siku kwa siku jinsi walivyosafirisha mawe ya chokaa kutoka Tura hadi Giza. Karatasi za mwandishi wa zamu, za zaidi ya miaka 4,500.

Na hili litakufurahisha: sangara, ambaye kwetu aliletwa miaka ya 1950 tu, wao walimheshimu hata wakamkausha na kumzika kwa sanda kule Esna.

Lakini ninalolipenda kuliko yote ni dogo. Katika maandishi waliyozika na wafu wao, marehemu husimama mbele ya mahakimu 42 na kukana makosa: sikuua, sikuiba. Humo humo anasema: sikuyazuia maji katika wakati wake, sikuyajengea boma maji yanayopita. Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi yako na jirani yake, walivyoacha kusalimiana msimu mzima kwa sababu mmoja alikata tuta usiku ili maji yaingie kwake. Wamisri walijua kosa hilo, wakalipeleka mpaka kwenye mizani ambayo kwayo moyo wa marehemu hupimwa.

Siku hizi gharika haiji tena. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, tope linabaki nyuma yake, na wakulima walio chini ya bwawa wananunua mbolea.

Ukipata nafasi Ijumaa, nenda na huyo mwenzako kisiwani Roda. Kipo kipimo cha Nile kilichojengwa mwaka 861, wakati wa khalifa al-Mutawakkil, chenye nguzo ya marumaru katikati ya shimo. Shukeni ngazi taratibu, mwihesabu ile nguzo kwa dhiraa tangu chini. Kisha nipigie, uniambie ya 16 iko wapi.

Mama yako,
Mwanza