Huku hakuna wa kuongea naye, mpwa wangu

Umeniandikia kwamba Ujerumani kila kitu kiko wazi, mtu ukifuata sheria unaishi kwa raha, na kwamba mjomba wako ninabana tu nafasi. Maneno hayo yameniuma. Najibu hilo la sheria tu.

Nyumbani sheria ina mlango wa uani. Fomu imechelewa, unamtafuta karani, unamwamkia, unamweleza kuwa mama anaumwa, naye anakuelewa. Tunaita kuongea. Mimi nililelewa nikijua huo ndio utu.

Huku nilifika na shahada ya ualimu, Kiswahili na Jiografia, na miaka 9 ya kushika chaki. Majimbo yako 16, kila moja na utaratibu wake wa elimu, na hapa nilipo mwalimu wa sekondari anatakiwa awe na masomo mawili yanayofundishwa shuleni kwao. Kiswahili hakimo. Nikaomba kuonana na mhusika nimweleze. Alinijibu kwa barua, na ndani ya barua mlikuwa na kifungu cha sheria. Basi nalea watoto baada ya masomo: nawapakulia chakula, nawafunga kamba za viatu, nangoja wazazi.

Mwaka jana mtoto wa miaka 7 alichomoka kuelekea barabarani. Nikamdaka mkono, nikamvuta, pakabaki alama nyekundu. Mama yake akalalamika. Nikafanya kama nilivyofundwa: nikatazama anwani yao kwenye daftari la watoto, nikanunua machungwa, mtu wa Muheza mimi, kule Tanga kwenye machungwa mengi, na Jumapili jioni nikaenda kubisha hodi niombe radhi. Mama alifungua mlango kidogo tu. Hakuuliza habari ya mkono. Aliuliza anwani yake nimeipata wapi.

Kesho yake nikaitwa ofisini. La mkono lilikwisha kwa dakika kumi, wakakubali nilikuwa namwokoa mtoto. La anwani likaniletea onyo la maandishi, kwa kuwa taarifa za mtoto ni za kazi, si za kumfuata mtu kwake. Nililia kwenye treni, mpwa wangu, na mvi zangu hizi.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Kanuni zetu za viboko zilisema visizidi vinne, mkuu wa shule aidhinishe, viandikwe kitabuni. Tulikuwa nazo sheria! Nani aliandika? Nimechapa darasa zima juani kwa kelele za watoto wawili, na aliyeponea alikuwa mtoto wa diwani, kwa sababu baba yake aliweza kuja kuongea. Wengine hawakuwa na mtu. Huku tangu 2000 hata mzazi haruhusiwi na sheria kumpiga mwanawe, na mtoto wa mfagizi analindwa kwa kifungu kilekile cha mtoto wa daktari. Nawakumbuka wanafunzi wangu kwa majina. Jambo hilo la viboko linanikosesha usingizi kuliko ile barua ya onyo.

Kwa hiyo usije. Shule zetu zinakuhitaji, na wewe una moyo mwepesi kuliko mimi.

Ukiwa umeshaamua, anza Kijerumani leo, pale Goethe, kituo cha Kijerumani kilichoko Upanga, Dar es Salaam, na usiridhike na cheti cha kuanzia. Ualimu unadai lugha ya kubishana na mzazi. Chukua chuoni matokeo yako yenye kila somo na saa zake. Taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu, simama hata kama barabara ni tupu. Faini ni euro 5, ila kuna mtoto pembeni anakutazama, na mama yake atakukemea mbele za watu. Usiende kwa mtu bila miadi. Omba kila jibu kwa maandishi. Na bado, ukipata mtu wa kuzungumza naye, mkalishe, mpe chai, usiige ukimya wao.

Ada ya kozi nitakutumia mwisho wa mwezi. Bado nasema usije. Na mama yako usimwambie habari ya yale machungwa.