Nilipoacha Kuutazama Ule Utepe

Mama mmoja ameniandikia wiki hii. Mwanawe wa miaka 19 amekataa kwenda kanisani, naye anauliza afanye nini ili kijana arudi. Nimeusoma ujumbe wake mara nyingi, kwa kuwa swali hilo nilijiuliza mwenyewe miaka sita iliyopita, na jibu nililojipa wakati ule lilikuwa baya.

Mimi ni mzee wa kanisa. Kijana wangu aliponiambia kwamba haamini tena, nilichokihisi kwanza kilikuwa aibu yangu mwenyewe; uchungu wake sikuuona. Nikamwamuru aendelee kuhudhuria ibada maadamu analala nyumbani mwangu, nikamwekea Biblia mezani, na kila jioni alipotoka niliingia chumbani kwake kutazama kama ule utepe mwekundu wa kuwekea alama umesogea. Ulikaa palepale kwenye Zaburi kwa miezi minne. Jioni moja alirudi mapema, akanikuta nimeinama juu ya Biblia yake, utepe ukiwa kati ya vidole vyangu. Hakusema neno. Juma lililofuata alihama, na hadi leo nikiyakumbuka macho yale moyo huniuma.

Baada ya hapo niliisoma upya Marko 10. Andiko linasema kwamba Yesu alimkazia macho yule tajiri, akampenda, kisha akamwambia neno gumu, auze alivyo navyo awape maskini, na mtu yule akaenda zake kwa huzuni. Nilikuwa nimekihubiri kifungu hicho mara nyingi, siku zote nikizungumzia mali, bila kuuona mpangilio wake: anapendwa kwanza, ndipo anaondoka, na Yesu hamkimbilii kumpunguzia sharti wala kumshika vazi.

Ndugu mmoja katika imani alijaribu kunifariji kwamba aliyeteuliwa na Mungu atarudi tu, nisijisumbue. Faraja hiyo ilikuwa nyepesi mno. Hata Sinodi ya Dort ya mwaka 1618 hadi 1619, mkutano wa makanisa ya Kiprotestanti huko Uholanzi, uliosimama imara juu ya fundisho la uteule, yaani kwamba Mungu ndiye anayewachagua watakaookolewa, ilitamka kwamba neema haiwatendei watu kama magogo na mawe, wala haiufuti utashi wao na kuushurutisha kwa nguvu. Ikiwa watu waliotetea enzi ya Mungu kwa bidii namna ile hawakuthubutu kumwita mlazimishaji, mimi niliipata wapi ruhusa ya kulazimisha kwa jina lake?

Wazazi wenzangu, hiari yashinda utumwa. Mungu anayeweza yote alimwacha Adamu aufikie mti, na katika Luka 15 baba anamgawia mwana mdogo urithi, naye anakwenda kuutapanya. Baba yule hakuacha kutazama njia, maana alimwona kijana alipokuwa angali mbali. Basi, mama, mwambie mwanao kwamba unampenda, kisha mwache achague. Mwombee bila kumtangazia kwamba unamwombea. Akija nyumbani, mpokee. Usimgeuzie kila mlo kuwa mahubiri. Mwambie tena kwamba unampenda, hata akinyamaza.

Kijana wangu hajarudi kanisani. Jumapili iliyopita alinipigia simu jioni, tukazungumza karibu saa nzima juu ya kazi yake na mgongo wangu unaonisumbua. Kabla ya kukata aliniuliza kama ile Biblia yake bado ipo. Nilimjibu kwamba ipo mezani kwake, na sikumuuliza kwa nini anataka kujua.