Goti limekaza baada ya kuwekewa chuma pajani: mzee wa siku tatu asikuguse

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dereva wa bodaboda, nina miaka 31, niko Morogoro. Niligongwa na gari nikavunjika paja la kulia, nikapasuliwa na kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Leo ni wiki ya 11. Kidonda kimepona, na kwenye picha ya mwisho daktari alisema mfupa umeanza kuunga. Shida ni goti, halikunji. Nikikaa kwenye kiti mguu unachomoza mbele kama ubao. Nyumbani waliniambia nitulie mpaka mfupa uunge kabisa. Sasa mama amempata mzee mmoja anayechua. Anasema chuma ndicho kimebana goti, na kwamba atalikunja kwa siku tatu kwa mafuta na maji ya moto. Niende? Au nirudi hospitali wakatoe chuma?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiende. Na chuma usikiguse.

Ningeweza kuishia hapo, ila swali lako hunifikia karibu kila wiki. Linabadilika kiungo tu, mara goti, mara kiwiko, mara bega, na nyuma ya kila mgonjwa yupo mzee wa siku tatu. Sijui kwa nini huwa ni siku tatu. Mimi nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kukunjua goti la mtu kwa siku tatu.

Tuanze na chuma, tukimalize. Kwa maelezo yako ni msumari mrefu uliopitishwa katika uvungu wa mfupa wa paja, pale penye uboho, ukafungwa kwa skrubu juu na chini. Ukikuta kwenye kadi yako pameandikwa SIGN, hilo ni jina la shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari mpasuaji Lewis Zirkle. Misumari yao imetumika sana hapa nchini, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ikiwemo, kwa sababu skrubu zake zinaweza kufungwa hata pale ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei. Hata kama msumari wako uliingizwa kupitia gotini, ncha yake huzamishwa ndani ya mfupa, chini ya gegedu. Haugusani na chochote kinachojikunja.

Kilichobana ni nyama. Msuli wa mbele ya paja una vichwa vinne, na kimoja kimelala juu ya mfupa wenyewe. Ulipovunjika, damu ilimwagika pale, ikagandana, ikageuka kovu. Sasa goti likitaka kukunja, msuli ule unatakiwa uteleze juu ya mfupa kushuka chini, na hauwezi, umenata. Chukua kanga mbili zilizotiwa wanga, zilaze moja juu ya nyingine uziache zikauke, halafu jaribu kuzitenganisha. Ndivyo paja lako lilivyo. Wiki ya pili zilikuwa bado mbichi, zingeachana kwa urahisi. Wiki ya 11 zinataka subira, lakini bado zinaachana.

Na hapa niseme wazi kuhusu ule ushauri wa kutulia mpaka mfupa uunge. Ushauri huo ulitoka enzi za kuwekewa jiwe, mtu analala chali wiki nane mpaka kumi na mbili mguu ukivutwa kwa uzito, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuushikilia mfupa. Wewe umewekewa chuma kusudi usilale hivyo. Msumari unaushika mfupa ili goti lianze kazi kesho yake. Mtu akishapasuliwa halafu akatulizwa kitandani miezi mitatu, amelipia vyote viwili, maumivu ya kisu na ukakamavu wa jiwe.

Sehemu ya lawama ni yetu. Najua karatasi uliyotoka nayo wodini iliandikwa nini, maana nimeziona nyingi: "Fanya mazoezi. Rudi baada ya wiki sita." Mazoezi gani, mara ngapi, maumivu kiasi gani ni ya kawaida, hakuna. Mgonjwa anajaribu mara moja, linauma, anaogopa amevunja kitu, anaacha. Nafasi tuliyoiacha wazi ndiyo mzee anaingia nayo.

Sina ugomvi na kukanda. Bibi yako akikukanda mgongo kwa maji ya uvuguvugu ukapata usingizi, mshukuru. Ugomvi wangu ni na mtu anayedhani kiungo kilichokaza ni bawaba yenye kutu, kwamba ukitia mafuta na kusukuma kwa nguvu itafunguka. Wagonjwa hunisimulia: vijana wawili wanakushika mabega, unapewa kitambaa ung'ate, mzee anakamata kifundo cha mguu kwa mikono miwili na kukandamiza. Panalia ta-ta-ta. Wote wanashangilia, "Umesikia? Limeachia!"

Kilichoachia ni nini? Ni nyuzi za msuli zimechanika. Au ni kano iliyoshika pia ya goti. Au, ikiwa siku yako ni mbaya zaidi, ni mfupa wako wa wiki 11 umevunjika upya. Msumari na skrubu navyo hukatika, usidanganywe na neno chuma. Siku mbili za kwanza utaona goti limeongeza kidogo na mzee atachukua hela yake. Kisha linavimba, ndani kuna damu mbichi, damu inageuka kovu jipya juu ya lile la zamani, na baada ya wiki mbili goti linakunja chini ya pale lilipoanzia. Ndipo unakuja kwangu.

Kuna kingine ambacho hata baadhi ya wenzetu wa vituo vya afya hawakijui. Msuli uliopondwa, kisha ukachuliwa kwa nguvu, unaweza kuota mfupa ndani yake. Nasema mfupa kweli, unaonekana kwenye picha kama wingu jeupe katikati ya nyama. Paja ni mojawapo ya sehemu zinazopenda kufanya hivyo, na kiwiko ndicho kinara. Mwaka juzi niliketishiwa mbele yangu mtoto wa miaka tisa aliyevunjika juu kidogo ya kiwiko akiwa anacheza. Alitibiwa vizuri, hogo likatolewa, mkono ukawa mgumu kidogo kama ilivyo kawaida. Kwa mtoto, huo ungelegea wenyewe kwa kucheza tu. Mama yake, kwa mapenzi, akampeleka kuchuliwa kila jioni kwa mwezi mzima. Nilipomwomba aguse mdomo wake kwa mkono ule, aliinamisha kichwa kuufuata mkono. Kiwiko hakikusogea hata unywele. Nilimpa pipi na akaipokea kwa mkono mwingine. Mama alinitazama akisubiri nimwambie nitakisukuma.

Wa mjini nao wasijione. Huko kuna vijichumba vyenye bango la "fiziotherapia", yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na mashine moja ya umeme, na mtu aliyesoma semina ya wiki mbili. Ukiona anakuwekea mashine ya joto inayoitwa daiathemi kabla hajakuuliza kama una chuma mwilini, vaa suruali uondoke. Mawimbi yake hukusanya joto kwenye chuma na kuunguza nyama za ndani huku ngozi ikionekana nzima. Taulo lililochovywa maji ya moto halina shida, joto lake halifiki huko ndani. Ila ujue halikunji goti, linalegeza msuli dakika chache ili wewe ufanye kazi.

Na kigimbi. Mguu uliolala muda mrefu baada ya upasuaji unaweza kuganda damu kwenye mshipa. Kigimbi kikivimba upande mmoja, kikawa na joto na kuuma ukikiminya, mtu yeyote asikichue, awe mzee, awe mke wako, awe mimi. Bonge la damu likichomoka linapanda kwenye mapafu, na watu hufa hivyo. Hospitali, siku hiyohiyo.

Sasa kazi yako. Kwa jinsi ulivyoeleza nakadiria goti linakunja kama nyuzi 40. Kutembea bila kuburuta mguu kunataka nyuzi 60 hadi 70, ngazi na kuinuka kwenye kiti ni 90 na ushee, choo cha kuchuchumaa ni zaidi ya 120. Kwa hiyo tunalenga 90 kwanza, mengine yatafuata.

Rudi kliniki ya mifupa uulize swali moja kabla ya lolote: naruhusiwa kukanyaga kwa uzito kiasi gani? Jibu hilo ni la aliyekupasua, anajua mfupa ulivunjika vipande vingapi. Akisema kanyaga, kanyaga, mfupa huunga vizuri ukibebeshwa. Uliza pia kama kuna sababu ya goti kutokunjwa. Mara nyingi haipo.

Kukunja kwenyewe: keti ukingoni mwa meza au kitanda kirefu ili mguu uning'inie. Mguu mzima uweke mbele ya ule mbovu, uusukume taratibu kurudi nyuma mpaka ufike pale panapovuta, ukae hapo ukihesabu thelathini, uachie. Usidunde. Kisha ukiwa umekaa sakafuni, weka mfuko wa nailoni chini ya kisigino uteleze, ukikivuta kuja kwako kwa kanga uliyoizungusha kwenye unyayo. Pia ya goti nayo uisogeze kwa vidole, kulia na kushoto, juu na chini, paja likiwa limelegea. Ikiwa imeganda kama kifungo kilichoshonewa, goti halitakunja hata ufanyeje. Dakika kumi, mara tano au sita kwa siku. Saa nzima mara moja jioni haisaidii, kovu linajishika tena usiku. Kama una dawa za maumivu ulizoandikiwa, meza nusu saa kabla ya zoezi la asubuhi, ambalo huwa gumu kuliko yote.

Litauma. Maumivu ya kuvuta yanayotulia ndani ya nusu saa ni nauli, lipa. Ukiamka kesho yake goti limevimba na lina joto kuliko jana, ulizidisha, punguza siku mbili, usiache.

Wengi wanaokuja kwangu wamesahau upande wa pili, kunyoosha. Lala chali, kaza paja, inua mguu wote goti likiwa limenyooka. Goti likilegea na kuinama unapoinua, msuli wako ni dhaifu, na goti la hivyo litakuangusha kwenye ngazi hata likikunja nyuzi 120. Kunja taulo uliweke chini ya kisigino, ulikandamize goti chini, mara ishirini. Na ule mto ulio chini ya goti lako usiku, ambao nina hakika upo, utoe. Unastarehesha na unaharibu.

Kila Jumapili kaa kwenye kiti kilekile, vuta kisigino nyuma mwisho wa uwezo wako, weka alama ya chaki sakafuni, pima kwa futi ya fundi cherehani. Andika. Bila namba utaona hakuna kinachobadilika, utakata tamaa, na mzee bado yupo mtaani. Nikiona mtu anaongeza nyuzi tano kwa wiki naridhika sana. Ikipita miezi miwili ya kazi ya kweli na chaki haijasogea, nenda hospitali ya rufaa yenye daktari wa mifupa. Zipo njia: kulikunja goti mgonjwa akiwa amelazwa usingizi na misuli imelegea kabisa, au kupasua na kuukomboa msuli kutoka kwenye mfupa. Ile ya kwanza inafanana na ya mzee kwa mbali, lakini ukiwatazama madaktari wapasuaji wakiifanya, utaona wanavyoogopa kuvunja, na hao wana picha mkononi.

Umeuliza kuhusu kutoa chuma. Kikishikilia mfupa bila shida kinaweza kukaa humo maisha yako yote. Kikitolewa, hutolewa mfupa ukishaunga imara, kwa sababu mahususi, na goti lililokaza si mojawapo.

Hukuuliza lini utarudi barabarani, ila dereva wa bodaboda hawezi kukosa kuwaza hilo. Mguu wako mbovu ni wa kulia, na wa kulia ndio wa breki ya nyuma. Kabla hujapakia abiria, keti juu ya pikipiki iliyozimwa, mtu aseme "simama!" wakati hukutarajia, uone kama unyayo unafika kwenye breki na kukandamiza bila goti kusita. Ukisita, bado. Na kiki usipige kwa mguu huo mwaka huu, kama stata imekufa itengeneze kwanza.