Waulizaji na Mama Mchongaji: Tufe lililopasuka

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nimeona picha ya tufe kubwa linalong'aa kama dhahabu, liko uwanjani kwenye makumbusho ya Vatikani. Limepasuka, na ndani yake mna tufe jingine, nalo limepasuka. Je, lilianguka? Na kama ndiyo sanaa yenyewe, kwa nini fundi hodari namna ile aiharibu kazi yake?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Halikuanguka, wala si dhahabu. Ni bronzi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, na limekaa katika uwanja wa Cortile della Pigna tangu mwaka 1990. Aliyelitengeneza ni Arnaldo Pomodoro, Mwitalia aliyefariki Milano Juni 2025, siku moja tu kabla hajatimiza miaka 99. Yako mengine ya jamii hiyo Dublin, katika Chuo cha Trinity, na New York, mbele ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa.

Swali lako la pili ndilo lililonikalisha kitako, maana nami niliwahi kuliuliza.

Pomodoro alisomea upimaji wa ardhi na majengo, na baada ya Vita Kuu ya Pili alifanya kazi Pesaro, mji wa pwani huko Italia, katika ofisi iliyoshughulikia ukarabati wa majengo ya umma. Pembeni alijifunza usonara. Masonara wa zamani walikuwa wakisubu vito katika mfupa wa dome, yule jamaa ya ngisi. Mfupa huo ni laini, hata ukucha unaacha alama. Unachonga umbo lako, unafunika kwa kipande cha pili, unamimina metali. Nilipokuwa mwanagenzi nilijaribu kwa fedha kidogo. Pete ilitoka mbaya, lakini mgongoni mwake kulikuwa na mistari myembamba kama ile ambayo maji ya bahari huiacha mchangani yanapokupwa. Sikuichora mimi. Ilikuwa ya mfupa. Nilikaa na ile pete mkononi jioni nzima.

Mistari ile, meno yale, vijishimo vile, ndivyo unavyoviona ndani ya mpasuko. Pomodoro alivitoa kwenye kito cha kidoleni akavipeleka kwenye tufe la mita kadhaa.

Aliamua kupasua baada ya kusimama mbele ya kazi za mchongaji Brancusi huko New York. Zilikuwa laini, zimekamilika, hazina mkwaruzo. Alizipenda mno, na papo hapo akawaza zingekuwaje kama zingeliwa na wadudu kutoka ndani. Mwaka 1963 akatoa tufe lake la kwanza. Kwa hiyo hakuiharibu kazi, mwanangu. Ule ulaini wa nje ameuweka ili mpasuko upate kitu cha kupasua.

Kama fundi, utaupenda utengenezaji wake. Alifinyanga udongo kinyumenyume: alipobonyeza shimo, plasta ilipomiminwa ilitoka na kinundu. Ilibidi afikiri kwa kugeuza kila kitu. Kisha umbo lile hutolewa nakala ya nta, nta inafunikwa kwa kalibu, yaani ganda linalostahimili moto, nta inayeyushwa itoke, na bronzi ya moto inaingia mahali pake. Tufe kubwa halisubiwi kwa mkupuo mmoja. Hutoka vipande, ndani ni wazi, halafu vipande vinaungwa na maungio yanasuguliwa mpaka jicho lisiyaone. Hiyo kazi ya mwisho unaijua kuliko mimi.

Niliwahi kwenda Pesaro, asubuhi na mapema, kulitazama tufe lake la Piazzale della Libertà, karibu kabisa na bahari. Wenyeji huliita tu mpira wa Pomodoro. Linakaa juu ya kidimbwi cha maji, na ngozi yake imesuguliwa kama kioo. Kila nilipolizunguka niliiona sura yangu imevutika, nyuma yake anga na majengo, vyote vikiteleza pamoja nami. Nikifika kwenye mpasuko, sura inakatika ghafla. Pale hamna wa kukuangalia, kuna meno na giza.

Itafute tena ile picha ya Vatikani, utazame ukingo wa mpasuko, pale ulaini unapoishia. Kisha niandikie: wewe unayeziba nyufa kila siku, ungeanzia wapi kuukata?