Kutoka Madurai hadi hekalu la Andal

Ndugu, umeuliza kama hekalu la Andal lililoko Srivilliputhur, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, linastahili siku nzima kwa mgeni aliyefikia Madurai. Kwa maoni yangu linastahili, kwani umbali ni takriban kilomita 75 tu. Andal ndiye mwanamke pekee miongoni mwa Alvar 12, watakatifu washairi waliomtukuza Vishnu, mungu wa Kihindu, kwa lugha ya Kitamil, na inasimuliwa kwamba Periyalvar, mwingine wa Alvar hao, alimwokota akiwa mtoto mchanga chini ya mmea wa tulsi bustanini mwake, akamlea, hadi siku alipogundua kuwa binti huyo huvaa kwanza shada la maua lililokusudiwa mungu na kujitazama ndani ya kisima. Kisima hicho bado huonyeshwa kwa wageni.

Lango refu lenye ghorofa 11, ambalo ndilo watu huhusisha na nembo ya serikali ya jimbo, ni la hekalu jirani la Vatapatrasayi (jina mojawapo la Vishnu), usiishie hapo. Ukifika mbele ya sanamu ya Andal, tazama mkono wake wa kushoto, uone kasuku aliyefumwa kwa majani mabichi, ambaye hutengenezwa upya kila siku na kutiwa mdomo wa ua la komamanga.

Wahi asubuhi, kwa sababu mahekalu ya huko hufungwa mchana kwa saa kadhaa. Katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, beti 30 za Tiruppavai, utenzi wa Andal mwenyewe, huimbwa alfajiri, ila msongamano ni mkubwa. Palkova, tamutamu ya maziwa na sukari, inauzwa karibu na hekalu.