Re: Jirani yangu hana makaratasi, WIC watampokea?

Dada, umeuliza kama jirani yako kutoka Mexico, mjamzito asiye na makaratasi, anaweza kupata WIC, ule mpango wa serikali ya Marekani wa chakula kwa wajawazito, akina mama na watoto wadogo. Aende, tena mapema! Kwa kawaida WIC hawaulizi habari za uhamiaji. Wanaangalia kipato, anakoishi na lishe yake. SNAP, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, ndiyo yenye masharti ya uhamiaji, ingawa mtoto aliyezaliwa Marekani anaweza kuombewa.

WIC inalipia maziwa, mayai, maharage, matunda, hata tortila za mahindi, zile chapati nyembamba za Kimexico. Mtoto huhudumiwa hadi atimize miaka 5.

Akiogopa ofisi, ulizia promotora, yaani mhudumu wa afya wa jamii, kwenye kliniki ya jamii. Hao ni akina mama wa mtaani kwao, wanaongea Kihispania, na wengi humsindikiza mtu hadi dirishani. Jirani yangu mimi alishikwa mkono hivyohivyo. Siku ya kwanza dukani aliikumbatia ile pakiti ya tortila, machozi yakimlengalenga.