Sensa ya foklifti inalia kila ikivuka reli

SWALI: Tuna foklifti (gari la kunyanyulia mizigo) ya dizeli ya tani 3 kwenye ghala karibu na bandari ya Kigoma. Inashusha saruji kutoka kwenye mabehewa na kuipanga ikingoja meli za Kalemie na Bujumbura. Mwezi uliopita tulifungiwa sensa ya mgongano (kifaa kinachopima mshtuko gari likigonga kitu), ikawekwa ilie kwenye 1 g pande zote (g 1 ni sawa na mvuto wa dunia). Inalia kila tukivuka reli, na injini inazimika papo hapo. Juzi nimekuta madereva wamechomoa waya. Niipandishe hadi ngapi?
Msimamizi wa ghala, Kigoma

JIBU: Ndugu msimamizi, usiguse namba kwanza. Angalia sensa imefungwa wapi. Ikiwa imebandikwa kwa gundi au sumaku kwenye paa la dereva, inasoma mtetemo wa bomba na bati, siyo mgongano. Ihamishie kwenye chuma kinene cha chasisi, karibu na kiti, kwa bolti 2 zilizokazwa sawasawa. Mshale ulio juu ya kiboksi uelekee mbele. Kisha simamisha foklifti mahali tambarare, bila mzigo, injini imezimwa, uweke sifuri. Hatua hii mafundi wengi huiruka. Dunia yenyewe inavuta 1 g kwenda chini, na kama kifaa hakijaondoa uzito huo, mhimili wa wima (upande wa juu na chini ambao sensa inaupima) unakuwa umeshafika kwenye kiwango chako hata kabla gari halijatembea.

Sasa tenganisha mihimili. Reli inarusha gari juu na chini. Nguzo ya ghala inalisimamisha kwa mbele au ubavuni. Kwa hiyo wima upandishe sana au uufanye wa kurekodi tu, na ulinzi wa kweli uweke kwenye mihimili miwili ya mlalo. Kama programu ina nafasi ya muda, itumie pia: tairi gumu likigonga reli, mshtuko hupita kwa milisekunde chache, lakini gari zito likigonga nguzo, msukumo hudumu makumi ya milisekunde.

Namba usiibuni. Zima king'ora na kufuli inayozima injini, acha sensa irekodi kimya wiki 1 au 2 za kazi ya kawaida, halafu soma kilele cha kila mhimili. Tuseme mlalo haujavuka 0.7 g: onyo liweke 1 g, tukio kubwa 1.5 g. Kwa kulinganisha, foklifti ya kilomita 5 kwa saa ikisimamishwa na nguzo ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde inasoma kama 1.4 g.

Kumbuka mzigo. Foklifti yako tupu ina kama tani 4.5, ikibeba tani 3 zinakuwa 7.5. Nguvu ileile ya pigo itaonekana asilimia 60 tu ya ile ya gari tupu. Ndiyo maana 2 g, ambayo wengi huichagua ili wapumzike na kelele, hupitisha kimya ajali mbaya za gari lenye mzigo.

Na hiyo kufuli ya kuzima injini, iondoe leo. Injini ikifa juu ya reli usukani unakuwa mgumu na paleti bado iko hewani. Weka izuie kuwasha tena baada ya gari kusimama na kuzimwa, hadi wewe ukague uma, mlingoti na nguzo iliyogongwa.

SWALI: Foklifti yetu ya umeme ya volti 48, ghala la tumbaku Tabora, betri haimalizi zamu tangu ifungwe sensa ya volti 12.
Fundi, Tabora

JIBU: Huenda waya umechukuliwa katikati ya betri, kwenye seli 6 kati ya 24. Hizo zinachoka mapema kuliko wenzake, na chaji ya kawaida haiwezi kuzisawazisha. Funga kibadilishi cha volti 48 kwenda 12, kichukue umeme kwenye ncha mbili za betri nzima, fyuzi ikae karibu na betri. Pima kila seli. Zile sita zikiwa chini, chaji ya kusawazisha inaweza bado kuziokoa.